Kahawia, nyekundu, nyeupe: kujua kilichoota kwenye tenki dogo la maji chumvi

Tenki la maji chumvi likiwa dogo halina subira na mtu. La kwangu ni lita 60, liko sebuleni hapa Dar, na kila likikaa kidogo linaibuka na jambo lake, mara vumbi la kahawia juu ya mchanga, mara nukta nyeupe kwenye kioo, mara utando wa rangi ya damu ya mzee umejilaza juu ya jiwe, na kila mgeni akiingia akauona basi ana dawa yake mdomoni. Huyu badilisha maji yote, yule zima taa siku tatu, mwingine wanyime samaki chakula, mwingine nenda duka la dawa kanunue antibayotiki uchanganye humo. Tatizo dawa zenyewe zinapingana. Kupunguza chakula kunamaliza kitu kimoja na kunastawisha kingine, siyo utani, nitafika huko. Kwahiyo msimamo wangu ni mmoja tu, humo ndani haiingii dawa mpaka nijue ninachokitazama ni nini, na mara nyingi kujua huko hakuhitaji maabara, kunahitaji siki, tochi, mswaki wa zamani, kipande cha karatasi nyeusi na mtu asiye na papara.

Kwanza maji, manake nusu ya haya mambo yanaanzia hapo. Maji ya bahari nayachukua kwa boti huko nje, bahari ikiwa inajaa, mbali na Mto Msimbazi unapomwagia, na wakati wa masika sichukui kabisa kwasababu mvua zikishika, maji ya karibu na pwani yanakuwa ya tope na chumvi inashuka. Chumvi ya kawaida ya bahari ni karibu gramu 35 kwa lita, kwenye rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) unasoma 1.025 au 1.026. Kipindi cha kaskazi nako kuna siku unakuta juu ya maji kumetanda vumbi vumbi la rangi ya majani makavu, limejipanga mistari mistari kufuata upepo. Ukiliona unaweza kudhani meli imemwaga kitu, kumbe ni Trichodesmium, jamii ya sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga) zinazoelea, na siku hiyo unarudi na madumu yako matupu.

Ila maji ya bahari siyo yanayoleta maneno sana, maneno yanaletwa na maji ya kujazia. Huku kwetu hita ya nini, mimi naweka feni ipulize juu ya maji yasipande zaidi ya nyuzi 28, na feni ikipuliza usiku na mchana maji yanapungua karibu lita nzima kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki, kwahiyo unajazia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, siyo ya bahari. Sasa ukijazia ya kisima unaongeza chokaa na silika kila siku, maji yanapaa vyenyewe vinabaki, mwezi ukiisha umeshajaza ghala la chakula cha wadudu usiowajua. Mimi natumia maji ya mashine ya RO, inayochuja mpaka vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, na mita ya kupimia vitu hivyo inasoma 0 au karibu na 0. Wapo wanaokinga yale yanayodondoka kwenye ac, usithubutu, yale yametiririka juu ya mabomba ya shaba na shaba hata chembe tu ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe. Na ukienda kununua maji ya betri ya kujazia soma dumu kwa makini, maji yaliyotoneshwa na asidi ya betri unaweza kuvikuta rafu moja.

Haya, kahawia. Kahawia ya kwanza kila mwenye tenki jipya ataiona, ni diatomu. Ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, yaani kitu kile kile kinachotengenezea kioo, na tenki jipya lina silika ya kutosha kutoka kwenye mchanga mpya na kwenye maji. Unaijua kwa mkono tu, ukipitisha kidole inatimka vumbi na kidole kinabaki safi, haivutiki, haina nyuzi, haina mapovu mengi, na haibadiliki sana kati ya asubuhi na jioni. Konokono wanaila kwa furaha. Dawa yake ni kungoja, silika ikiisha na yenyewe inaisha, hapo ukiona mtu anamwaga kemikali ujue anapoteza hela. Nisiikalie sana, siyo iliyonikosesha usingizi.

Iliyonikosesha usingizi ni kahawia ya pili. Tenki lilikuwa limeshatulia, samaki wawili tu, klaunifishi wadogo, konokono kadhaa, mawe meupe niliyonunua yakiwa makavu (matumbawe ya baharini siyo ya kwenda kuvunja, na Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, kwahiyo mawe makavu ndiyo njia). Asubuhi mchanga mweupe peee. Saa nane mchana una madoa ya kahawia. Jioni madoa yameungana, yametoa nyuzi zinazopepea kwenye mkondo wa pampu, nzito kama makamasi, na kila uzi una povu dogo nchani. Nikizima taa usiku, saa chache baadae mchanga umekuwa mweupe tena, mtu asiyejua atasema limepona lenyewe, na kesho yake mchana imerudi yote na nyongeza. Afu konokono wakaanza kuanguka. Anapanda kioo, anaachia, analala chali hajigeuzi.

Jamaa wa duka la samaki nikampelekea vipimo vyangu, naitreti 0, fosfeti 0 (hizo ni mbolea zinazotokana na chakula na kinyesi cha samaki, mwani unazila). Akacheka, akaniambia "aisee hongera bro, maji yako masafi kuliko tunayokunywa, hizo ni diatomu tu punguza chakula." Nilimshukuru ila sikuridhika, kwasababu diatomu haiui konokono na haiendi kulala usiku.

Ndiyo nikafanya kipimo cha chupa, hiki kila mtu ashike. Unanyonya yale makamasi kwa bomba la sindano, unaweka kwenye kichupa cheupe na maji ya tenki, unatikisa kwa nguvu mpaka yapotee kabisa maji yabaki na rangi tu. Unachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, yale maji yaliyopita unayaweka tena kwenye chupa safi, unaiacha chini ya taa kama saa moja. Vikibaki vumbi limetuama chini, sawa, pengine diatomu. Vikijikusanya vyenyewe vikatengeneza nyuzi upya, hapo una dinoflajeleti, vijidudu vya seli moja vinavyoogelea, watu wa fani wanaita dino kwa mkato. Zangu zilijikusanya. Nilikaa pale mezani nikiangalia uzi unajisuka kutoka kwenye maji ambayo muda mfupi uliopita yalikuwa hayana kitu, mke wangu akaniuliza mbona umeikodolea macho chupa.

Nina jirani mwalimu wa baiolojia sekondari, nikambebea kichupa siku hiyo hiyo mpaka maabara ya shule, akaweka tone chini ya hadubini, akakuza mara 400. Vilikuwa vitu vyenye umbo la tone, upande mmoja umechongoka, vinazunguka palepale kwa kasi, kila kimoja kimejishikiza kwa ute. Mwalimu akasema "hii siyo diatomu mzee, diatomu ungeona inateleza taratibu na ganda lake limenyooka, hawa wana fujo." Umbo lile na kule kuzunguka palepale ni Ostreopsis. Kuna nyingine inaitwa Amphidinium, hiyo ni ya duara kidogo, ina kichwa kidogo pembeni, inateleza badala ya kuzunguka, na inapenda kukaa ndani ya mchanga. Kutofautisha hizi mbili siyo usomi wa bure, manake Ostreopsis usiku inaachia mchanga na kuelea majini, kwahiyo ukiweka taa ya UV kwenye bomba la maji unaikamata usiku ikipita. Amphidinium haipandi, UV utaiwasha mwaka mzima itakuangalia tu.

Na hapa ndipo dawa zinapopingana. Dino zinashika tenki lililo tupu mno, naitreti 0 na fosfeti 0, kwasababu mwani mwingine wote na bakteria wanaoshindana nazo wameshakufa njaa. Ukifuata ushauri wa kupunguza chakula na kubadilisha maji kila siku unazifagilia uwanja. Mimi nikafanya kinyume, nikaongeza chakula cha samaki, nikasimamisha kubadilisha maji, nikanyanyua naitreti mpaka miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfeti karibu 0.1, UV usiku kucha, na baadae nikaongeza silika kidogo ili diatomu zirudi zigombanie mchanga. Yaani yule niliyekuwa namwona mchafuzi nikamwita mwenyewe kwa mlango wa mbele. Ilichukua wiki kadhaa, siyo muujiza wa siku moja, na kuna siku ilirudi nusu nikataka kumwaga kila kitu. Ila mchanga ulipokuja kubaki mweupe saa kumi jioni nilijua imekata.

Jambo la usalama nisilisahau, watu wengi huku tunanyonya maji kwa mpira na mdomo. Kwa dino acha kabisa. Baadhi ya Ostreopsis zina sumu jamii ya palitoksini, mwaka 2005 huko Genoa Italia watu karibu 200 walienda hospitali kwa homa, kikohozi na kubanwa kifua baada ya kuvuta hewa ya ufukweni wakati zimefurika. Sebule siyo ufukwe lakini glavu na pampu ya mkono havigharimu kitu. Cha kuchekesha ni kwamba ndugu zao wengine dinoflajeleti ndio wanaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha, bila hao matumbawe yanageuka meupe na yakikaa hivo muda mrefu yanakufa.

Kahawia ya tatu ilinichekesha. Doa moja tu, kona ya kulia nyuma, rangi ya kahawia inayoelekea chungwa, halikui sana wala halipungui. Nikabandika karatasi nyeusi nje ya kioo mahali pale, nikaiacha siku kadhaa. Kitu kinachoishi kwa mwanga ukikinyima kinafifia, hiki hakikufifia hata kidogo. Nikapapasa, nikakuta ile sumaku ya kusafishia kioo plastiki yake imepata ufa na ndani chuma kinaoza. Kutu! Ukiipiga siki haitoi mapovu, na ukisugua kwa mswaki inaacha rangi ya kahawia nyekundu kwenye nywele za mswaki. Nikaitoa, maana chuma nacho ni mbolea ya mwani, ukiiacha utazalisha vingine.

Nyekundu sasa. Utando wa damu ya mzee, unateleza, umefunika jiwe na kona moja ya mchanga, una mapovu yaliyonaswa chini yake, na ukiushika kwa koleo unatoka karatasi nzima. Ukiunusa una harufu ya udongo uliooza. Hiyo ni sayanobakteria, haimo kwenye mwani wa kweli, ni bakteria wanaotumia mwanga, wakongwe kweli kweli, hao ndio walioanza kuijaza dunia oksijeni. Chini ya hadubini utaona nyuzi nyembamba sana zimelala pamoja, baadhi zinasogea mbele na nyuma polepole, hakuna anayekimbia kimbia.

Shangazi yangu analima mwani Jambiani, Zanzibar, kule kilimo hiki kilishika tangu 1989, na alipokuja Dar akaona lile jiwe hakuuliza ni nini. Akaniambia "mwanangu hapa maji yamelala." Kwao kamba zikiwa mahali maji hayatembei na jua kali la kaskazi, uchafu wa kuteleza unashika kwenye mwani na wao kazi yao ni kupita wanatikisa kamba moja moja. Nikageuza pampu ipulize kona ile, nikanyonya utando wote kwa mpira mwembamba, nikapunguza chakula cha kugandisha (kisuuze kwanza kwenye chujio, yale maji yake yana fosfeti nyingi). Ukiona hata ukisafisha naitreti utando upo tu usishangae, baadhi ya sayano zinavuta naitrojeni zenyewe, wewe angalia fosfeti na mkondo. Zile erithromaisini za duka la dawa ni kweli zinaua sayano kwasababu ni bakteria, ila hazichagui sana, na utando ukifa wote kwa mpigo unakula oksijeni ya maji usiku samaki wanapanda juu kuhema. Kwenye lita 60 na umeme wa kukatika katika, mimi siwezi kucheza hivo.

Nyeupe ndiyo inayowapa watu hofu ya bure. Nina nne kwangu na zote zilikuwa tofauti. Ukoko wa juu kwenye ukingo wa kioo na kwenye waya wa taa ni chumvi tu, unauweka kwenye maji baridi unayeyuka, ufute usije ukafuata waya mpaka kwenye soketi (waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone liishie pale). Ukoko mgumu kwenye pampu, ndani hasa kwenye kile kipande kinachozunguka, ni chokaa, kalsiamu kaboneti, maji yakipata moto wa mota inaganda hapo kwasababu yenyewe kinyume na sukari inayeyuka kidogo zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto. Siki inatoa mapovu ya kufa mtu, loweka usiku mmoja asubuhi pampu mpya. Ikirudi haraka haraka pima alkalini yako (uwezo wa maji kuzuia asidi, unapimwa kwa dKH), ukiona imepita 11 dKH umezidisha bekingi soda au umemimina kwa pupa. Na tafadhali bekingi soda ni bekingi soda, magadi ya kuchemshia maharage yana mengine ndani.

Ya tatu inadanganya siki. Ni vijiduara vidogo vyeupe milimita 1 hadi 2, vimejikunja mzunguko, vimejaa kwenye kioo cha nyuma na kwenye mabomba. Ukivitia siki vinatoa povu vile vile, ukasema chokaa. Chukua lenzi. Kila kimoja ni nyumba ya mnyoo mdogo jamii ya Spirorbis, na ukitulia na tochi utaona anatoa vinyoya anachuja maji. Hana ubaya wowote, mimi nawaacha. Ya nne ni nukta za duara lefu kidogo, ngumu, zimetawanyika moja moja kwenye mawe na makombe ya wenzao, hazina mzunguko, hayo ni mayai ya konokono wa nerite, kuyabandua ni kazi na kwenye tenki makinda hayafiki mbali. Na kama utakuta vimanyoya vyeupe vilaini kwenye chumba cha pampu kusikoingia mwanga kabisa, hizo ni sponji, zinafanya kazi ya kuchuja kwako bure.

Vya kijani nitapita haraka. Vumbi la kijani kwenye kioo ni la kawaida, kadi ya plastiki inatosha. Nywele ndefu za kijani unang'oa kwa mkono na unawapa kaa na konokono kazi. Yale mapovu ya kijani yanayong'aa ni Valonia, kila puto ni seli moja tu hata likiwa kubwa kama la kwangu la sentimita nzima, usilipasue humo ndani, toa jiwe nje kwenye ndoo ulibandue huko.

Halafu kuna waridi. Baada ya miezi nukta ngumu za waridi na zambarau zikaanza kuonekana kwenye plastiki ya pampu, na mdogo wangu akawa ameshika wembe tayari kuzikwangua. Nikamzuia. Huo ni mwani wa koralini, unajenga chokaa, siki inatoa povu hapo pia, na ukija maana yake kalsiamu iko miligramu 400 na kitu kwa lita, alkalini imetulia, na jiwe linapata gamba ambalo mwani mwingine unapata taabu kulishika. Kioo cha mbele nakwangua ili nione samaki, kwingine kote nimeziacha.

Ukitaka mtu akusaidie kutambua chako kwa picha, zima ile taa ya bluu washa nyeupe, kwenye bluu kila kitu ni zambarau. Piga moja saa tano mchana na nyingine alfajiri kabla taa haijawaka, afu umwambie naitreti, fosfeti, chumvi, umri wa tenki na unajazia maji gani. Bila hivo na yeye anabahatisha tu.